Nilijifungia Stoo na Friji ya Keg

Mwanangu alikuwa amelegea mikononi mwangu... na mlango nilikuwa nimeufunga mimi mwenyewe!

Nje wanaume wawili walikuwa wanaupiga mateke.

Sikufungua. Niliwaogopa wao. Kumbe...

Ngojeni niwaeleze vizuri, na tafadhali msinitusi kwa comments kabla hamjafika mwisho. Najua nilikosea.

Naitwa Waiyego. Naishi Yamumbi, hapa Eldoret, na mume wangu Thuo na binti yetu Wacera wa miaka mitano. Nauza mayai na maziwa, lakini mkono wa pombe nilirithi kwa marehemu baba. Muratina yangu ya asali, wazee wakionja hunyamaza kwanza. Siitengenezi ya kuuza, ni ya shughuli za familia tu.

Sasa ndugu yangu Munene alikuwa apeleke ruracio Burnt Forest siku ya Jumamosi. Kwetu hakuna mahari bila pombe ya nyumbani. Ukienda mikono mitupu, wazee wa msichana watakuangalia tu hadi utafute njia ya kurudi.

Lakini Munene naye anapenda mambo ya kisasa.

"Sista, hii muratina tuitoe kwa mfereji, ikiwa baridi kama keg! Wazee watachizi!"

Basi nikaingia mjini kutafuta friji ya keg iliyotumika. Kama hujawahi kuiona, ni friji fupi, pipa la pombe linakaa ndani, mfereji uko juu, na nyuma kuna mtungi wa gesi ya kusukuma pombe itoke.

Niliipata kwa Abdirahman, mzee anayeuza vyombo vya hoteli zilizofungwa. Nilimkaba bei hadi akashika kichwa.

"Mama, wewe utanifungisha duka!"

"Si unisaidie tu, Mzee? Ni ya juisi ya harusi ya kanisa."

Ndiyo, nilimdanganya. Niliona Mwislamu hataniuzia akisikia pombe. Akaniangalia, akatabasamu, akakubali.

Jioni hiyo hiyo simu ikaanza kulia. Abdirahman! Mara ya kwanza... ya pili... ya tatu.

"Usishike!" Thuo akaniambia. "Ameshtuka amekuuzia bei ya kutupa. Sasa anataka uongeze. Block yeye!"

Nika-block! Tena nikicheka.

Kesho yake, Alhamisi asubuhi, Thuo akaunganisha mtungi. Akakaza kwa spana hadi mishipa ya shingo ikamtoka, akafungua gesi, akasema imekubali. Kisha akaondoka kwenda Moiben kutafuta asali ya kuongezea.

Friji tuliiweka stoo, pamoja na mapipa ya muratina yaliyokuwa bado yanachacha polepole. Na hapo ndipo mafunzo ya baba yalipotaka kuniua. Baba alinifunza kwamba muratina haipendi baridi. Na baridi ya Eldoret mnaijua! Kwa hivyo dirisha la stoo nililiziba kwa magunia. Chini ya mlango, gunia. Hata tundu la panya niliziba na kitambaa. Upepo haungepata pa kupita.

Saa kumi mvua ikaanza, ile ya mawe. Mabati yakalia hadi sikusikia redio.

Ndipo geti likagongwa.

Nikakimbia nikachungulia kwenye upenyo.

Abdirahman! Na kando yake jamaa mrefu mwenye jaketi jeusi na buti nzito, ameshika chuma mkononi.

Marafiki, wiki moja kabla, jirani yangu Mama Walubengo alishikwa na polisi akiwa na busaa, pombe ya kienyeji, ya matanga. Walimwaga yote, na yeye akalala selo. Wanaume waliomjia walivaa jaketi kama lile lile.

Ameniuza! Amegundua ni ya pombe, nimekataa simu zake, sasa ameniletea askari!

Nilimnyakua Wacera kitandani.

"Mama, ni nani?"

"Shhh! Ni watu wabaya. Usiongee!"

Nikaingia naye stoo, kwa sababu ndiyo yenye komeo la chuma ndani. Nikafunga. Nikarudisha lile gunia chini ya mlango wasione hata kivuli cha miguu yetu. Mtoto akakaa sakafuni. Mimi nikapanda juu ya pipa, sikio ukutani.

Sauti zilikuwa zinapiga kelele nje, lakini kwa ile mvua sikushika hata neno. Halafu nikasikia kishindo. Wameruka geti!

Moyo wangu ulidunda hadi kooni. Pumzi zikawa fupi fupi. Kichwa kikaanza kugonga. Nikajiambia, Waiyego, punguza uoga...

"Mama," Wacera akanong'ona, "pua inaniwasha. Kama nimekunywa soda."

"Nyamaza, mwanangu."

"Mama... kichwa..."

"Nimesema nyamaza!"

Akanyamaza.

Niliposhuka kumkumbatia, shingo yake ikaanguka upande. Nikamtikisa, nikamwita, hakuna kitu! Nikataka kusimama, miguu ikakataa. Nikataka kupiga nduru, pumzi ikakosa.

Hapo ndipo mlango ulipoanza kupigwa mateke. Na mimi bado, niamini, bado nilikuwa nawaza nimfiche mtoto wangu nyuma ya mapipa.

Komeo likang'oka.

Abdirahman hakuangalia pombe. Hakuangalia friji. Alimpokonya Wacera mikononi mwangu akatoka naye mbio kwenye mvua. Jamaa wa jaketi akanivuta kwa kwapa hadi uani kwenye matope.

"Omollo, funga mtungi! Usipumue huko ndani!" Abdirahman akapiga kelele.

Yule Omollo akavuta pumzi, akaingia, akatoka akikohoa.

"Nimefunga! Ilikuwa inavuja yote, Mzee!"

Wacera alikuwa amelala mapajani mwa Abdirahman, mvua ya mawe ikimpiga usoni. Midomo yake haikuwa na rangi. Nilitambaa kwa magoti nikimwita Mungu kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kinywani mwangu.

Halafu akakohoa!

Mara moja. Mara mbili. Akalia.

Sijawahi kupenda kilio kama kile.

Zahanati walimwekea oksijeni, wakasema dakika chache zaidi tungekuwa tunaongea mambo mengine. Gesi ile, ndiyo ya kwenye soda, haina harufu, na ni nzito, inajaa kutoka chini kwenda juu. Mtoto alikuwa amekaa sakafuni. Ule moyo uliokuwa unadunda na zile pumzi fupi, haikuwa uoga peke yake. Ilikuwa gesi!

Omollo si askari. Ni fundi wa friji. Kile chuma kilikuwa spana.

Abdirahman akatoa mfukoni kipande kidogo cha duara, chembamba kama shilingi.

"Hii washa ya kukaa kwenye mdomo wa mtungi ilibaki kwa meza yangu. Bila hii hata ukaze namna gani, gesi inatoka. Nimepiga simu tangu jana. Leo nimetafuta dereva wa pickup aliyekubebea, ndiye ametuonyesha kwako. Nyumba wazi, stoo imefungwa kwa ndani, nikajua mko na gesi."

"Mzee... mimi nilifikiri unataka pesa zaidi."

"Bei tulikubaliana, mama. Ilikwisha."

"Na nilikudanganya. Si ya juisi."

"Nilijua. Harusi gani ya kanisa inanunua mfereji wa keg?" Akacheka kidogo, kisha akamwangalia Wacera. "Mimi pombe sitaki kujua. Lakini kwa hiyo nyumba niliuza kitu kinaweza kuua. Ningelala vipi?"

Usiku huo nilifungua zile meseji zilizozuiwa. Zilikuwa kumi na moja. Ya kwanza ilisema: "Mama usifungue gesi. Kama kuna watoto weka nje."

Ningeisoma kama ingenifikia. Niliizuia mwenyewe, tena nikicheka.

Ruracio ilienda sawa. Muratina ilibebwa kwa jerikeni na kunywewa bila baridi, na wazee wa Burnt Forest walinyamaza kwanza, kama kawaida. Friji sasa inaweka maziwa. Mtungi nilirudisha. Magunia ya dirishani nilichoma.

Ndugu zangu, ukinunua kitu used, uliza kila kipande ni cha nini, na gesi usiifungie ndani. Na ukimkaba mtu bei, usidhani yeye naye anakuwinda.

Jana simu ililia. Abdirahman. Nilishika kabla haijalia mara ya pili.

"Mama Wacera, mtoto ameamkaje?"