Embrayage ya gari ya Muyisa

Wee mwenye kusikiliza, muguu wako ulishakufaka ganzi mpaka unaupiga kofi, na ni kama unapiga muguu wa mutu mwingine?

Basi utamusikia Katungu. Tangu siku ile balimuleta bwana yake Muyisa ndani ya shuka, kutoka barabara ya Kamango, yeye muzima alikuwa vile. Anakula, chumvi hapana sikia. Anacheka na batu, kicheko kinatoka kwa midomo na kinaishia palepale. Kilio kiliisha, batu balirudi kwao, bakamuachia jeep nyeupe ya zamani yenye tundu moja ya risasi kwa mulango wa shofere. Tundu balikuwa baliziba na mastiki.

Muyisa mwenyewe njo alimufundisha kuendesha, zamani, wakati mapenzi yao yalikuwa mapya. Sasa aliiendesha yeye. Alikuwa anachukua kakao ya balimaji kule Kamango na Oicha, anaiteremusha Beni. Na kwa kila barriere, kile kizuizi cha barabara, kwa kila duka, alisema neno moja: ni gari ya Muyisa, Muyisa ananituma. Banamuke bengi banasemaka vile, maana ukitaja bwana, batu habakusumbui sana. Ila benyewe bwana wao iko muzima.

Siku moja jeep ilikataa kupanda mulima. Motere inalia, gari inasimama. Shemeji yake Jéthro, mudogo wa Muyisa, ambaye ni mekanisie pale Beni, akafungua chini, akatoa disque ya embrayage, ile duara yenye kushikanisha motere na gia. Ilikuwa imeisha, nyembamba kama chapati.

— Shemeji, enda Butembo utafute ingine, alisema. Lakini sikia. Hii gari ikilala tena kwa barabara na kakao ya batu, familia itaiuza. Haiko hasira. Ile barabara ilishakula ndugu yangu.

Katungu akasema ndiyo. Wakati ule alikuwa anasema ndiyo kwa kila kitu.

Butembo ilimupokea na baridi na vumbi nyekundu. Alivaa kikwembe ya kijani yenye ndege, koti ya Muyisa juu yake, sandali za plastiki, na ile disque ndani ya mufuko wa unga. Kwa njia ya benye kuuzisha piyesi za magari, kila mutu alikuwa anamuita: mama, hapa, mama, kuya hapa. Pikipiki moja ikamupita karibu sana, ikamusukuma kidogo. Mufuko ukapasuka. Disque ikaanguka, ikasimama wima, ikaviringika kama inajua kwenye inaenda. Ikapita katikati ya beseni mbili za mandazi, ikazunguka nguzo, na mwanaume mumoja akaisimamisha na kiatu.

Alikuwa murefu, kofia nyeupe ya nyuzi kwa kichwa, bluzi ya kazi ya buluu yenye madoa ya mafuta, lakini kola yake ilikuwa safi kabisa. Akaokota disque, akainusa.

— Mama, unatembea na maiti ndani ya mufuko, alisema. Hii ilishakufa kitambo.

— Nataka mupya.

— Ingia.

Jina lake Issaka. Ndani ya duka dada yake Asma alikuwa anapanga bidons za mafuta, kitambaa cha maua kwa kichwa, macho ya kucheka.

— Mama, ukae kabisa, alisema Asma. Yaya, huyu kaka yangu mukubwa, akianza mambo ya embrayage, batu banalalaka hapa.

Issaka aliweka disque ya zamani juu ya disque mupya, akalinganisha meno ya katikati, akalinganisha upana. Kisha akaleta plateau mbili, zile sahani za chuma zenye kubana disque, akaziweka mbele ya Katungu.

— Hii ni ya ngumu. Ressort zake, hizi springi, zinabana sana. Pakia kakao mpaka juu, kwa mulima haitateleza. Lakini pedali inakuwa nzito. Hii ingine ni laini, sawa na ile gari ilizaliwa nayo. Ukiichezea itaungua, lakini muguu unasikia muzuri pahali inakamatia. Basi miye siuzishe kwa gari. Nauzisha kwa muguu. Nani anaendesha?

Katungu alikuwa ameweka kidole juu ya ile laini. Kinywa kikafunguka, na kikasema yenye kilizoea.

— Ni gari ya Muyisa.

— Muyisa ni bwana?

— Ni bwana yangu.

— Mutu wa nguvu?

Katungu akauona kwa mawazo muguu wa Muyisa, na kiatu chake cha kufunga.

— Wa nguvu.

Issaka aliangalia kile kidole kwanza, kisha akasukuma ile plateau ngumu mbele.

— Basi hii. Anipigie, kama pedali inamusumbua.

Akaandika numero yake juu ya kartoni. Katungu aliona yote kama anaangalia mwanamuke mwingine anafanya soko.

Jéthro aliifunga. Pedali ilikuwa sawa kusukuma ukuta. Baada ya safari ya kwanza, Katungu akapiga simu.

— Papa Issaka, Muyisa anasema pedali ni nzito.

— Auambie muguu wake uvumilie. Utazoea.

— Anauliza pia, kwenu leo kuna baridi?

Kwa simu alisikia Issaka anaweka chuma chini.

— Muyisa njo anauliza baridi ya Butembo?

— Njo yeye.

— Mwambie nimevaa koti mbili. Na umwambie anunulie bibi yake viatu. Nilimuona na sandali.

Ilianza vile. Muyisa aliuliza kama Issaka alikula. Muyisa aliuliza juu ya Asma, alicheka nini leo. Muyisa aliuliza kama Issaka iko na bibi.

— Hapana, alisema Issaka. Mumoja alinichoka. Alisema naongea na vyuma kuliko batu. Mwambie Muyisa asinicheke.

— Anacheka.

— Na weye?

Katungu akajisikiliza. Kicheko kilikuwa kimeshuka mpaka kwa shingo. Mbali kuliko siku zote. Akaogopa.

— Miye nafanya kazi, alisema, akakata.

Jumapili moja, Katungu ametoka kwa misa, Issaka akapiga yeye mwenyewe. Sauti yake haikuwa na muchezo.

— Mama Katungu. Nipatie Muyisa.

— Kwa nini?

— Simu ikilia, nataka ikuwe weye. Weye ni bibi ya mutu. Miye sikulelewa vile. Nipatie yeye nimuombe musamaha, kisha nafuta hii numero.

Katungu alikuwa amesimama kwa uwanja, kakao ya jirani imeanikwa juu ya bashe ya plastiki, harufu yake kali kama ya pombe. Alitafuta neno. Halikuwa mbali, lilikuwa pale chini ya ulimi, lakini ulimi ulikuwa kama ule muguu wa ganzi. Kisha Katungu akafinya kile kibatani chekundu cha kukata simu.

Hakulia. Alienda kugeuza kakao ya jirani. Issaka hakupiga tena.

Mvua ikafika. Kwa mulima wa kutoka Kamango, camions za mizigo zilikuwa zimepanga mustari mbele yake kwa matope. Kusonga kidogo, kusimama, kusonga, kusimama. Kila mara pedali chini, pedali juu. Muguu wa kushoto ukaanza kutetemeka, kisha ukaacha kutetemeka, na hiyo njo ilikuwa mbaya. Hakujua tena kama amefinya ao ameachilia. Jeep ikaruka, ikazima, ikarudi nyuma na magunia yote, ikalala ndani ya mufereji. Hapana mutu aliumia.

Jéthro alifika na kamba. Bakaivuta. Kisha akainama akaingia chini ya usukani, akafinya pedali na mukono.

— Shemeji, hii si ya muguu wako. Nani alichagua?

— Muyisa.

Jéthro alipangusa mikono yake. Ilikuwa imetakata tayari, yeye anapangusa tu.

— Kaka hayuko, Katungu.

— Najua.

— Unajua, lakini hujasema. Enda useme kwa yule alikuuzisha. Ukirudi na pedali ya muguu wako, gari ni yako, nitaambia familia. Ukirudi na hii, naita mununuzi.

Katungu akapanda Butembo na ile pedali ngumu. Alisimama njiani mara kwa mara, akaunyoosha muguu kwa majani, akaendelea. Hakuvaa koti ya Muyisa. Baridi ilimuingia kwa mabega, na alishangaa kidogo kuisikia.

Issaka aliona jeep nyeupe, ile alishasikia kwa simu, inasimama mbele ya duka. Akanyoosha kofia. Akavuta kola.

— Bwana ya Katungu amekuya, aliambia Asma. Akinipiga, usipige kelele. Iko na haki.

Akaenda mbio kwa mulango wa shofere. Mulango ukafunguka, Katungu akashuka polepole, anashikilia usukani. Issaka akachungulia ule upande mwingine. Kiti kilikuwa kitupu.

— Muyisa iko wapi?

Pikipiki zilikuwa zinapita. Mama wa mandazi alikuwa anahesabia mutu chenji. Katungu akaweka kidole juu ya ile mastiki ya mulango.

— Muyisa alikufa. Balimuua ndani ya hii gari. Miye njo naendesha. Tangu ile siku ni miye.

Katungu alidhani kitu kitaanguka. Hakuna kitu kilianguka. Mama wa mandazi alimaliza chenji.

— Pole, alisema Issaka. Pole sana, mama.

Akauliza polepole:

— Zile salamu zote nilikuwa namutumia?

— Zilinifikia miye.

Asma alikuwa kwa mulango wa duka, kitambaa kwa kinywa. Aliingia ndani bila kuitwa, akatoka na plateau iliyofungwa ndani ya gazeti.

— Yaya aliificha, alisema. Batu bamekuya, bameiomba, yeye anasema ilishauzishwa.

— Niliona kidole chako, alisema Issaka. Nikajiambia, bwana anataka ngumu, bibi anataka laini. Sikujua ni mutu mumoja.

Bakainua jeep palepale pembeni ya njia. Issaka mwenyewe akalala chini yake, kola safi na yote. Jua lilikuwa limepita kichwa wakati alitoka, uso mweusi wa mafuta.

— Panda. Finya. Achilia polepole. Inakamatia wapi?

Katungu akafunga macho. Hakuna kitu. Hakuna kitu. Kisha pale katikati, kidogo sana, kama mutoto anavuta kikwembe ya mama yake.

— Hapa.

— Rudilia.

— Hapa. Nasikia hapa.

Na muguu wenyewe ukaanza kuuma, wote, kutoka kwa kisigino mpaka kwa kiuno. Machozi yakamutoka, na aliyaacha. Issaka alisimama kwa mulango, hakumushika.

— Sasa nikuulize kitu, alisema. Yule mwenye alitaka kujua kama niko na bibi. Ni nani?

— Ni miye.

— Na baridi?

— Miye.

— Basi leo usinipatie Muyisa. Weye, Katungu, ulikuwa unataka nini?

Hakuondoa muguu kwa pedali.

— Ile ya laini, alisema. Tangu disque ilisimama chini ya kiatu chako. Ile ya laini, na weye.