Supu ya Jumatatu

"Hii tamu, sikatai," Efraín alisema huku akifuta mdomo kwa mgongo wa mkono. "Lakini ile chaque ya hapa, jamani! Ile ndiyo iliniua. Nyama ya kondoo inaachia mfupa yenyewe, viazi vimelainika mpaka vinakuwa uji. Nusura nilambe bakuli."

Kijiko cha Nilda kikasimama hewani, hakikurudi kwenye bakuli wala hakikufika mdomoni.

Ilikuwa Alhamisi. Alhamisi kwa Mama Ubaldina, kama kwenye kila mgahawa wa asili pale Arequipa, inapikwa supu ya maharage na tambi. Chaque ni ya Jumatatu. Mtoto wa Arequipa anazijua supu za wiki kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Lakini Efraín hakuwa mtoto wa Arequipa. Kwao ni Chiclayo, kaskazini kule, wanakokula wali na bata siku yoyote moyo ukitaka.

Na Jumatatu Efraín hakuwepo Arequipa. Alikuwa safarini Moquegua. Ndivyo alivyosema.

"Uliinywa lini?" Nilda aliuliza polepole.

"Nini?"

"Chaque."

"Aa... siku ile. Nilivyopita hapa." Akajichekesha. "Mimi na siku wapi na wapi, mpenzi. Nakumbuka tumbo tu."

"Atakuwa anasema chairo, dada," Yovana alidakia haraka. "Ile ya Jumanne. Wageni wote wanazichanganya hizo."

"Eh, chairo!" Efraín akaishika kama mtu aliyetupiwa kamba kisimani. "Asante shemeji. Chairo."

Nilda alimtazama mdogo wake. Yovana aliinamia bakuli lake ghafla, akawa anatafuta tambi moja moja kwa kijiko.

Mama yao, Doña Eufemia, alikaa mwanzo wa benchi, shali jipya begani, akila supu yake. Leo alikuwa mgeni wa heshima. Efraín aliwaalika wote watatu, na wote watatu walijua kwa nini. Toka asubuhi shati lake lilikuwa limetuna mfukoni, na kila baada ya muda mkono ulienda kupapasa kiboksi kidogo cha pete. Alikuwa anasubiri kitamutamu kije, ndipo aseme.

"Sogeeni huko, sogeeni!" Mama Ubaldina alipaza sauti kutoka mlangoni mwa jiko. Mwanamke mmoja alikuwa amesimama na mwanawe wakitafuta pa kukaa. Meza nzima ikajisogeza bila kunung'unika. Pale benchi halina mwenyewe. Akija mtu anasogezewa, hata kama jana mlitukanana sokoni.

Nilda alisogea. Akatoa simu chini ya meza, akafungua ujumbe wa Jumatatu.

"Niko Moquegua mpenzi. Nimenunua guargüero mbili, moja yangu moja yako. Ya kwako nayo nimeila. Nisamehe, maziwa yake matamu yalikuwa yanachuruzika."

Na picha ya vile vitumbua vilivyokunjwa, juu ya karatasi.

Jumatatu ile alicheka peke yake mbele ya cherehani. Sasa aliikuza picha kwa vidole viwili. Pembeni ya karatasi palionekana mkono wa Efraín, na mkononi ile saa ya kamba ya kahawia. Saa ile ilizama mtoni Camaná kabla ya Pasaka, alipokwenda kula kamba wa mtoni. Mwenyewe ndiye aliyemsimulia.

Picha ya zamani.

Na mapenzi yao yalijengwa kwa hayo hayo. Efraín anauza fremu za miwani, mtu wa kulala mji huu na kuamkia mji ule, na kila anaposhuka kwenye basi lazima amwandikie alichokula, na nani kakipika, na kama kingemfaa yeye Nilda. Nilda aliupenda ujumbe kabla hajampenda mtu. Mwanaume anayeweza kukudanganya kwenye sahani, atakudanganya wapi tena?

"Mama Ubaldina!" aliita. "Hivi siku hizi chaque mnapika na siku nyingine?"

"Mimi?" Mama Ubaldina alikuja huku akifuta mikono kwenye aproni. "Siku ukinikuta napika chaque Jumatano, mwite padri, ujue nimerukwa na akili. Jumatatu tu! Si umuulize huyu kijana wako? Jumatatu alikaa pale kona akakomba bakuli, yeye na..."

Akamwona Yovana.

"Yeye na nani?" Nilda aliuliza.

"Ngoja, kuna kitu kinaungua jikoni," Mama Ubaldina alisema, na huyoo.

Hakukuwa na harufu ya kitu kuungua.

"Naenda kunawa," Nilda alisema.

Bomba lilikuwa uani. Hakufika bombani. Alisimama nyuma ya mlango wa jiko, penye upenyo, akaandika kwa Efraín maneno matatu: "Najua ya Jumatatu."

Akatuma. Akatazama.

Simu ya Efraín iliwaka mezani. Alisoma. Mtu ambaye hana la kuficha angeangalia mlangoni alikopita mpenzi wake. Efraín hakuangalia mlangoni. Alimwangalia Yovana. Na Yovana, bila kuonyeshwa chochote, akafumba macho.

Hapo Nilda alitafuta jina la Yovana kwenye simu.

Mdogo wake. Yovana aliyemsuka nywele asubuhi hii hii, akamwambia, "Leo dada utalia kwa furaha, nakwambia." Akampigia, akamwona anaruka kama kachomwa.

"Haloo, dada?"

"Njoo uani. Njoo naye. Mkimwambia mama neno lolote, naondoka kwa mlango wa nyuma na hamtaniona."

Walikuja wamefuatana, kama watoto walioitwa na mwalimu.

"Toka lini?" Nilda aliuliza.

"Nilda, mpenzi, sikiliza..."

"Sikukuuliza wewe. Yovana, toka lini?"

"Toka mwaka jana," Yovana alisema, machozi tayari yanamtoka. "Lakini Efraín hakuwemo. Yeye nimemwingiza juzi tu."

Nilda alikunja uso. "Hakuwemo kwenye nini?"

"Kwenye habari za baba."

Kuku wa Mama Ubaldina alipita katikati yao. Hakuna aliyemfukuza.

"Baba gani?" Nilda alisema, ingawa sauti yake ilishajua.

"Tuna wangapi, dada?"

"Nilikula chaque na baba yako," Efraín alisema. "Mimi, yeye na Yovana. Sikwenda Moquegua. Nilikudanganya."

Mtu angedhani Nilda angeshukuru. Maana dakika moja nyuma alikuwa anamzika mchumba na mdogo wake kaburi moja. Lakini hasira iliyompanda sasa ilikuwa ya kina kingine.

"Nilikwambia nini, Efraín? Siku ya kwanza kabisa, uliponiagizia ile barafu ya maziwa nikaisukuma?"

Efraín aliinamisha kichwa.

"Sema! Nilikwambia nini?"

"Kwamba alikupeleka uwanja wa katikati ya mji Jumapili, akakununulia bakuli la queso helado, barafu hiyo hiyo. Akasema, kula taratibu, nakuja."

"Nikala taratibu," Nilda alisema. "Nilikuwa na miaka tisa. Nilikula taratibu mpaka ikayeyuka, nikawa nakunywa. Mama muuzaji ndiye aliyenirudisha nyumbani. Yeye mwenyewe alishafika Mollendo, pwani kule, kwa mwanamke wake. Na nikakwambia usije ukaniletea huyo mtu. Nilikwambia hivyo au sikukwambia?"

"Uliniambia."

"Basi ukasikia, ukaona unajua zaidi."

"Mimi nilikutana naye ili nimtukane!" Efraín aliinua sauti kwa mara ya kwanza. "Kwetu huwezi kuoa binti bila kumtazama baba yake usoni. Nikasema, nitamtazama, halafu nitamwambia hafai. Nilitaka nijue mtu wa kumwacha mtoto na bakuli ana sura gani. Yovana akamwita hapa. Nikayapanga matusi yangu vizuri."

"Na?"

"Na akaja mzee mmoja mwembamba, kofia mkononi, akaagiza chaque akashindwa kumeza. Aliniuliza swali moja tu. Kama siku hizi unakula queso helado. Nikamwambia huli. Akaweka kijiko chini, hakukishika tena. Yale matusi yangu sikujua nimeyapoteza wapi."

Yovana alifuta pua kwa kiganja. "Yule mwanamke alishamfukuza zamani, dada. Anaishi chumba kimoja, anashona nyavu."

"Usinisimulie umaskini wake. Aliyemtuma nani?" Akamgeukia Efraín. "Ungeniambia, ningekasirika, ningekununia wiki, yangeisha. Wewe ukanitumia picha ya zamani. Ukanikalisha naicheka peke yangu kama mwehu. Unajua nilichokuwa nafikiri sasa hivi pale mlangoni? Wewe na huyu?"

"Mimi na shemeji?" Efraín aliduwaa. "Mungu wangu, Nilda."

"Ndiyo matunda ya uongo hayo. Na leo? Leo yuko wapi?"

Yovana alimtazama Efraín.

"Efraín. Yuko wapi leo?"

"Uwanjani. Chini ya matao. Nilipanga ukishanikubali, ndipo nikuombe... Usipotaka, anapanda basi lake. Hatakuja bila neno lako, ameapa."

Nilda aliangua kicheko kisicho na furaha hata tone. "Kwa hiyo pete na baba, vyote kwenye sinia moja. Na mama je? Mlimfikiria mama?"

"Mama yupo hapa," sauti ilisema nyuma yao.

Doña Eufemia alisimama mlangoni mwa jiko, shali limeteleza bega moja.

"Mnapiga kelele mpaka wapishi wameacha kupika," alisema. "Na wewe Yovana, kila mwezi unarudi na mchanga wa bahari kwenye viatu, unasema ulikuwa kwa rafiki yako Cayma. Cayma kuna bahari? Mlidhani nimezeeka macho?"

"Mama, ulijua?" Nilda alishangaa. "Ukanyamaza?"

"Ningesema nini? Mimi niliachwa na mume, mwanangu. Nikalia, nikachoka, nikanunua shali. Wewe uliachwa na bakuli mkononi. Yangu yalikwisha, yako siwezi kukumalizia. Ukisema aende, ataenda, na mimi nitamalizia supu yangu. Ukisema aje, aje. Lakini amua, maana nimeshaagiza queso helado, na ile barafu haisubiri mtu."

"Umeagiza mabakuli mangapi?"

"Matano," mama alisema, akarudi ndani.

Nilda alibaki uani. Efraín alitaka kumshika mkono, Nilda akauondoa.

"Usiniguse bado. Nenda kaseme mlango uko wazi. Sema hivyo tu. Usimwambie nimemsamehe, kwa sababu sijamsamehe."

"Na mimi?"

"Wewe ndiyo kabisa."

Alirudi mezani, akakaa. Mabakuli yalikuwa yameshafika, ile barafu nyeupe ya maziwa na nazi, mdalasini juu yake. Harufu ile hakuwa ameiacha imsogelee tangu utotoni. Alikaza meno. Yovana alikaa kando yake bila kuthubutu kuegemea.

Kisha kivuli kikaingia mlangoni.

Mzee alikuwa mdogo wa umbo kuliko Nilda alivyomkumbuka. Kofia ameishika kwa mikono miwili, kola ya shati imefungwa mpaka juu. Efraín nyuma yake alikuwa amekosa pa kuweka macho. Mzee alisimama mbele ya benchi lililojaa. Hakusema "mwanangu." Alimtazama Nilda, akatazama bakuli lililokuwa mbele yake.

Yule mwanamke mgeni alimnyamazisha mwanawe. Mama Ubaldina alikuwa mlangoni mwa jiko, na yeye ambaye hupaza sauti kwa kila mtu, safari hii hakusema sogeeni. Alisubiri.

Nilda aliyatazama mabakuli. Pembeni yalishaanza kulainika.

Akasogea.

Si sana. Nafasi ya mtu mwembamba, basi.

Mzee alikaa taratibu, kama benchi ni kioo. Nilda alichukua bakuli lake mwenyewe, akalisukuma mbele ya mzee.

"Kula taratibu," alisema. "Sisi hatuondoki."

Yule mzee alishika kijiko, kikawa kinagonga ukingo wa bakuli, gong, gong, mpaka Doña Eufemia, bila kumtazama, akaushika mkono wake ukatulia. Halafu akauachia, akaendelea na barafu yake.

Efraín alikuwa bado amesimama. Mkono ulienda mfukoni kwa kile kiboksi.

"Kirudishe," Nilda alimwambia.

"Nilda..."

"Kirudishe, nimesema. Leo sina jibu la kukupa. Kaa ule."

Alikaa mwisho kabisa wa meza, akala bila kuonja.

Siku zilizofuata Nilda hakupokea simu za Efraín. Ujumbe uliingia asubuhi, ukaingia jioni: "Nimekula mkate na chai. Sina la kusimulia." Kesho yake: "Nimekula wali mkavu, mpishi mimi. Mbaya." Hakukuwa na picha. Alisoma yote, hakujibu hata mmoja, ila ule wa wali mkavu aliurudia mara mbili.

Jumatatu mchana, Efraín akiwa kituo cha mabasi, mzigo wa fremu begani, simu ilitetemeka.

"Niko kwa Mama Ubaldina. Pale kona. Chaque imeshawekwa mezani. Baba yupo, mama hataki kuja, Yovana anakula kama hajawahi kuona chakula. Unakwenda Moquegua?"

Aliweka mzigo chini, akaandika.

"Siendi Moquegua. Nasikia wenyeji wanasema chaque ni Jumatatu tu."

"Nani kakufundisha?"

"Mwanamke mmoja. Bado hajanijibu swali langu."

Dakika ilipita. Basi la Moquegua lilipiga honi, likaondoka bila yeye. Ndipo jibu likaja.

"Njoo na hicho kiboksi. Uje haraka, nimeshakusogezea nafasi."