Nukta ya Mize

Mize alikaa barazani akisuka ukili. Mkeka ule ulikuwa wa harusi yake. Ijumaa angeolewa na Abeid wa Bweni.

Awadh akaingia bila hodi. Alikuwa mume wake wa zamani. Alimwacha miezi mitano iliyopita, na eda ilikwisha.

"Kusanya nguo zako," alisema. "Wewe bado mke wangu."

"Uliniacha mbele ya baba yangu na fundi Matano."

"Isome hati yako ya talaka. Imeandikwa nimemwacha Mire binti Kombo. Mire ni nani? Mimi simjui."

Mzee Kombo, baba yake Mize, akaitoa hati sandukuni. Kweli. Kwa herufi za Kiarabu, re na ze zina umbo moja. Ze ina nukta juu. Karani aliyeiandika hati hakuitia.

"Hati ndiyo hati," mzee alisema kinyonge. "Mwanangu, labda urudi."

"Nirudi kwa ajili ya nukta? Alinitupia kanga zangu matopeni, baba. Leo kasikia naolewa, ndiyo ananitaka?"

Bi Hafidha, jirani yao, alifundisha Kurani. Alisikia yote uani kwake, akaja.

"Mzee Kombo, unamrudisha mtoto kwa mwanamume asiye mumewe? Talaka ni tamko la mume. Hati ni ushahidi tu. Karani akikosea, amekosea karatasi. Twendeni kwa kadhi."

Wakavuka hadi kisiwa cha Chole, kwa kadhi. Fundi Matano alikwenda nao kutoa ushahidi.

"Awadh," kadhi aliuliza, "siku ile ulikuwa na wake wangapi?"

"Mmoja."

"Jina lake?"

Awadh akatazama ukuta. "Mize."

"Ulimrejea ndani ya eda?"

"La."

"Basi shika msahafu, uape kwamba hukumwacha."

Awadh akaificha mikono nyuma.

"Muongo," fundi Matano alisema. "Nilikuwa nimekaa karibu yako."

Kadhi akachovya kalamu, akatia nukta. Mashahidi wakaandika majina yao pembeni. "Kosa la karani linasahihishwa hivi. Halifufui ndoa iliyokwisha. Eda imepita, Awadh. Huyu si mkeo."

Kisha akamgeukia Mize. "Umesoma chuoni?"

"Nimehitimu Kurani, shehe."

"Mbona hukuisoma hati siku uliyopewa?"

Mize aliona hasira ikimpanda upya, safari hii juu ya nafsi yake. "Niliambiwa hati ni mambo ya wanaume."

"Aliyekuambia alikudanganya."

Mzee Kombo akainamisha kichwa.

Ijumaa ndoa ilifungwa. Karani alimpa Mzee Kombo hati ya ndoa. Mzee hakuipokea.

"Mpe mwenyewe."

Hati ikapitishwa ndani, nyuma ya pazia alikokaa Mize. Watu walingoja. Pilau ilipoa. Abeid alitaka kucheka, akajizuia.

Hati ikarudi nje, kidole cha Mize kikiwa juu ya jina lake.

"Nukta iko wapi?"

"Nitaitia baadaye, bibi," karani alisema.

"Itie sasa."

Akaitia.