Samadi ya Jumamosi

Kila asubuhi Tipoko alipita shambani na mtungi wa maji kichwani, na kila asubuhi alijiapiza kwamba leo hatatazama ng'ambo ya mstari wa mawe uliokuwa mpaka wa shamba lake. Kila asubuhi alitazama.

Ng'ambo kulikuwa na mtama wa Zenabo, binti wa baba yake mkubwa. Wasichana hao wa miaka kumi na miwili walikuwa wamepewa vipande sawa vya ardhi, udongo uleule mwekundu, mgumu kama kigae. Lakini mtama wa Zenabo ulikuwa wa kijani kibichi, umefika magotini. Wa Tipoko ulikuwa mwembamba, umepauka kama mgonjwa wa homa.

Wakati wa mavuno, Mama Sibdu, mkubwa wa wanawake wa boma lao, angechagua masuke bora na kuyatundika juu ya moshi wa jiko. Hayo ndiyo yangekuwa mbegu ya nyumba nzima mwakani. Mwaka jana yalitundikwa ya Zenabo. Tipoko alikula chini yake miezi mingi, akiyatupia jicho kila alipoinua tonge.

"Zenabo ana mkono wa baraka," watu walisema.

"Baraka gani!" Tipoko alinung'unika. Alikumbuka kiangazi, Zenabo alivyochimba vishimo mamia kwenye ardhi kavu na kutia katika kila kimoja konzi ya samadi iliyooza.

"We Zenabo, unazika sisimizi?" alimcheka siku ile.

"Njoo tuwazike wote," Zenabo alijibu, akifuta jasho.

Hakwenda. Alichimba vishimo vichache vya juujuu, akarudi kivulini.

Sasa wivu ulimchoma hadi akashindwa kuvumilia. Jumamosi mchana, watu wakiwa wamepumzika, aliingia zizini mwa mbuzi, akazoa samadi mbichi iliyolowa mkojo, akairundika kwenye kila shina la mtama wake. Matenga saba! "Yeye konzi, mimi rundo," alijisemea. "Tutaona."

Jua likawaka siku tano bila tone la mvua. Siku ya sita, majani ya Tipoko yalikuwa yameungua kuanzia nchani. Alikimbia nyumbani akilia.

"Mama Sibdu! Zenabo kaniunguzia mtama! Kaumwagia majivu ya moto!"

Zenabo aliacha kutwanga. "Mimi? Nije shambani kwako kufanya nini, kuhesabu magugu?"

Mama Sibdu aliinuka. Aliwatangulia hadi shambani, akachutama, akatia mkono katika rundo moja na kuutoa haraka.

"Bado ina moto. Samadi hii ni ya lini?"

Tipoko alitazama vidole vyake vya miguu.

"Nakuuliza, mwanangu. Ya lini?"

"Ya Jumamosi," alisema kwa sauti ndogo. "Zenabo hakufanya kitu. Ni mimi."

Mama Sibdu alivuka mawe, akachota udongo katika kishimo cha Zenabo. Ulikuwa mweusi, wenye unyevu, ukimomonyoka kama keki, na nyungunyungu alijinyonganyonga ndani yake. "Samadi iliyooza hulisha udongo, na udongo hushika maji. Samadi mbichi huchemka, huunguza mizizi. Haya, iondoe yote uirudishe kwenye shimo la mboji."

Tipoko aliinama akaanza kuzoa. Baada ya muda alisikia jembe karibu naye. Zenabo alikuwa ameng'oa miche iliyosongamana shambani kwake na alikuwa akiipanda kwenye mapengo ya mtama ulioungua.

"Kwa nini unanisaidia?" Tipoko aliuliza.

"Ningeitupa tu," Zenabo alisema. Kisha akatabasamu. "Ila ukinisingizia tena, nakuzika wewe na sisimizi wako."

Mvua ilirudi. Tipoko alivuna matenga mawili ya masuke, machache lakini yaliyojaa punje. Hata hivyo Mama Sibdu alipochagua mbegu, alichukua tena masuke ya Zenabo, na Tipoko akahisi ule mchomo wa zamani kifuani. Mama Sibdu aliuona usoni mwake.

"Wivu si ajabu, mwanangu," alisema. "Ila hauoteshi kitu. Ukiona shamba la mwenzio limestawi, usiulize ana bahati gani. Muulize alianza lini."

Tipoko akamgeukia Zenabo.

"Ulianza lini?"

"Siku moja baada ya mavuno."

Tipoko akasimama kutafuta jembe.