Kikanyagio cha Kushoto

Fundi bomba alikuwa mtu wa kufuata maelekezo. Alipoambiwa kwamba pikipiki mpya ikikosa servisi kwenye duka lililoiuza waranti inakufa, aliipeleka asubuhi, akakaa kwenye kiti cha plastiki na kunywa chai ya bure. Kabla ya adhuhuri akakabidhiwa: oili mpya, cheni imekazwa, imeoshwa ikang'aa. Akaenda zake kumchukua binti yake shuleni. Tangu mama mtu afariki, wawili hao ndio walikuwa familia nzima, na pikipiki ndiyo miguu yao.

Shida zilianzia hapohapo njiani. Pikipiki iliyokuwa ikipanda mlima huku ikiimba, sasa ilipanda ikikohoa. Nyuma ilikuwa imelala kana kwamba imebeba gunia la saruji, na mtoto mwenyewe kwa wembamba wake upepo ungeweza kumbeba. Tena kikanyagio cha abiria cha kushoto, kile chuma cha kuwekea mguu, akikikunja kilijifungua chenyewe.

Akarudi dukani. Dada wa mapokezi akatazama kompyuta.

"Inaonekana iko sawa, kaka."

"Inaonekana wapi? Mimi ndiye ninayeiendesha."

Wakaizungusha uani, wakamrudishia. Akarudi tena, na tena. Mara petroli yake ni mbaya, mara barabara, mara hajui kubadilisha gia. Hasira zilimzidi hadi akawa anazungumza peke yake akifunga mabomba ya watu. Waharibu wao, halafu mwendawazimu awe yeye.

Asubuhi moja, wakielekea shule, mtoto akamnong'oneza mgongoni.

"Baba, mwambie asogee. Ananibana."

"Nani?"

"Huyu wa nyuma."

Fundi bomba hakugeuka. Alitazama kioo. Binti yake alikuwa amejisogeza mbele kabisa, kama anayempisha mtu. Nyuma yake hapakuwa na mtu. Siti ilikuwa imebonyea.

Siku hiyo hakupitia mapokezi. Aliingia gereji moja kwa moja, akamshika fundi mkuu mkono na kumwonyesha kikanyagio. Fundi mkuu akanywea. Akamvuta nyuma ya rundo la matairi.

"Chako kilivunjika mikononi mwetu," akanong'ona. "Kipya mpaka kiagizwe, na wewe ulikuwa unasubiri pale nje. Tukachukua cha pikipiki ya ajali. Huwa tunafanya hivyo, mteja hajui."

"Ajali ya nani?"

"Baba na mtoto wake. Baba alipona. Mtoto ndiye aliyekuwa nyuma. Kiatu chake cha kushoto hakijaonekana mpaka leo."

Njia ya mwongo ni fupi, lakini hii ilikuwa imepita mgongoni mwa mwanawe. Fundi bomba alitaka kumpiga. Alitaka pia kulia. Badala yake akasema kipya kitafutwe popote, kifungwe leo, tena nyumbani kwake, yeye akiona kwa macho yake. Pikipiki yake haitaguswa tena humu.

"Ni heri hiki tukitoe hapahapa," fundi mkuu akasema polepole.

"Wewe huna tena la kunishauri."

Alasiri, uani kwake, bolti ikafunguliwa. Nyuma ya pikipiki ikainuka yenyewe, taratibu. Fundi mkuu alifunga kipya, akaviringisha kile cha zamani kwenye kitambaa, akaondoka bila kuaga.

Fundi bomba akaizungusha pikipiki mtaani. Ikaimba. Alicheka peke yake barabarani, kicheko cha mtu aliyeshinda kesi.

Aliporudi, binti yake alikuwa amesimama mlangoni, anachungulia ndani.

"Imepona," baba akamwambia. "Hakuna wa kukubana tena."

"Najua, baba. Ameshuka."

"Ameshukia wapi?"

Mtoto akasogea kando, baba yake aone.

Sakafuni, kutoka kizingitini hadi chumba cha mtoto, kulikuwa na nyayo ndogo za oili. Mguu wa kulia ulikuwa na kiatu. Wa kushoto ulikuwa mtupu, vidole vyote vinaonekana.

Nyayo za kutoka hazikuwepo.