Lina Hakugeuka Nyuma

Msichana alikuwa amelala chali, kichwa kikiegemea kizingiti cha saruji cha mlango wa uani. Nywele zake zilikuwa zimesukwa upande mmoja tu. Upande wa pili ulikuwa umechanuliwa vizuri, ukingoja mkono ambao haungerudi tena, na chanuo lilikuwa bado kitandani.

Inspekta Obwona alisimama kidogo kabla ya kuingia. Mvua ya alasiri ilikuwa imekwisha, lakini mabati yalikuwa bado yakidondosha maji uani, na sakafu karibu na mlango ilikuwa imelowa.

"Anaitwa nani?"

"Séraphine, afande," konstebo alijibu. "Mkongo. Husuka nywele saluni, hapa hapa Wandegeya. Anaishi na kaka yake."

"Nani aliyemkuta?"

"Ni mimi."

Mwanamke aliyejibu alikuwa Moreen, Mkenya wa makamo mwenye duka la kuchapisha na kutoa nakala karibu na mabweni ya wanafunzi. Alikuwa amejishika kiuno kwa mikono yote miwili kama mtu anayezuia kitu kisianguke.

"Nilikuja kumsimulia mwisho wa tamthilia," alisema. "Nilikuja mbio kama mtoto, afande. Nilifungua mlango huku nacheka."

Obwona alichutama. Damu ilikuwa kisogoni na kwenye ukingo wa kizingiti. Hapakuwa na silaha. Mkoba wa msichana ulining'inia ukutani, haukuguswa. Juu ya kigoda palikuwa na deki ndogo ya betri, kioo chake kikiwaka buluu.

"Msiiguse," aliagiza. "Mpiga picha kwanza, kisha alama za vidole."

Ndani ya deki mlikuwa na diski. Ilikuwa na picha ya msichana wa shule mwenye macho ya kijivu, na jina *Shule ya Vivuli*.

Kabla hawajamaliza, kaka mtu alifika. Alikuwa Tresor Katembo, kijana mrefu aliyekondeana, mchukuzi wa marobota ya mitumba katika soko la Owino jijini Kampala. Alipita katikati ya askari kana kwamba hawakuwapo, akapiga magoti, akamshika dada yake mkono.

"Yaya amefika, Séra," alisema. Hivyo ndivyo Wakongo wengi wanavyomwita kaka mkubwa. "Yaya yupo. Amka."

Konstebo wawili walilazimika kumwinua. Mmoja wao aligeukia ukuta akapangusa uso kwa kofia.

"Ulikuwa wapi alasiri?" Obwona aliuliza kwa upole.

"Kibanda cha video, afande. Kwa Abubaker. Watu wote walikuwa huko, ilikuwa sehemu ya mwisho."

"Kuna mtu aliyekuwa na ugomvi na dada yako?"

Tresor aliinamisha kichwa.

"Yule Mkenya alitaka kumchukua," alisema.

*

Mkenya huyo alikuwa Wamalwa, muuza vipuri vya magari kule Nakivubo. Jirani alikuwa amemwona akitoka uani mwa marehemu mbio. Jioni hiyo alikamatwa, na watu wakamsindikiza kwa matusi mpaka mlango wa kituo. Wengine walikuwa wameshaokota mawe.

"Uliingia chumbani?"

"Sikuingia. Niligonga, kimya. Nikadhani ameenda kibandani."

"Mbona ulikimbia?"

"Mvua, afande. Kwani ninyi polisi hamkimbii mvua?" Alijaribu kucheka, kisha akamtazama Obwona usoni. "Wananiambia amekufa. Ni kweli? Hakuna hata mmoja aliyeniambia vizuri."

"Ni kweli."

Wamalwa aliweka paji la uso juu ya meza. 

"Mara ya mwisho ulimwona lini?"

"Asubuhi, pale saluni. Nilimpelekea diski ya mwisho wa tamthilia yake. Niliinunua Owino, muuzaji akiwa bado anafungua katoni. Hakuna aliyekuwa nayo kabla ya leo. Séraphine hakupenda kibanda. Alisema Abubaker humpa Lina maneno mengi ambayo Lina mwenyewe hakuyasema."

"Mlikuwa na mipango gani?"

"Kwenda kwetu Kitale. Jumatatu. Mama yangu alikwisha kupaka chumba rangi."

"Kaka yake alijua?"

"Alisema atamwambia mwenyewe. Kila wiki alisema atamwambia."

Obwona alimrudisha mahabusu. Mkuu wa kituo alitaka jalada lifike kwa mwendesha mashtaka upesi, kwa shtaka la mauaji. Mchumba, ugomvi wa safari, shahidi aliyemwona akikimbia: nini zaidi? Ikiwa Wamalwa alikuwa akisema kweli, basi alikuwa amepoteza mchumba na sasa angepoteza na maisha yake, na hakuna aliyekuwa akimsikiliza ila Obwona.

Ripoti ya daktari ilikuja asubuhi. Fuvu lilipasuka kwa kuanguka. Hakuna kipigo. Ila mikono yote miwili, chini kidogo ya mabega, ilikuwa na michubuko ya vidole.

"Alishikwa kutoka mbele," daktari alieleza kwa simu. "Kwa nguvu. Lakini si mshiko wa mtu anayepigana, Inspekta. Ni mshiko wa mtu anayemtikisa mwenzake ili amsikilize."

*

Marehemu hakuwa na nyumba ya kukaliwa matanga, maana chumba chao kilikuwa kimefungwa na polisi, na jamaa zake wote ila kaka yake walikuwa wamezikwa kule Beni, Kongo. Kwa hiyo Moreen alisukuma mashine zake ukutani, akatandika mikeka dukani, na wapenzi wa *Shule ya Vivuli* wakaja kukaa pale. Kila Jumapili baada ya ibada ndipo walipokutana kubishana juu ya tamthilia. Jumapili hii walikuja na khanga viunoni.

Obwona alipewa kiti. Moreen alimletea chai, akaketi kando yake na kumweleza habari yenyewe, kwani Inspekta hakuwahi kuitazama.

"Lina ni msichana aliyezama ziwani, afande. Kaka yake akaenda kwa Mlinzi wa Lango, akauza usingizi wake wote ili dada arudishwe. Akarudishwa. Anasoma, anacheka, anapenda vijana. Lakini hawezi kwenda mbali kuliko sauti ya kaka yake inapofika. Akivuka hapo, anafifia kama moshi."

"Na kaka halali?"

"Halali kamwe. Anakaa dirishani anamwita jina lake, usiku na mchana. Sasa katika sehemu ya mwisho, Lango linafunguka. Lina anaambiwa achague: avuke awe huru, au abaki."

Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alidakia kutoka kwenye mkeka. "Mimi nilisema tangu mwanzo atabaki! Mlinicheka."

"Ulisema ataolewa na Mlinzi, wewe!" mwingine akamjibu, na kwa mara ya kwanza siku hiyo watu wakacheka kidogo, kisha wakaona haya.

Moreen alipangusa macho. "Maskini Séra. Amekufa bila kumwona Lina akirudi."

"Lina hakurudi."

Aliyesema alikuwa Tresor. Alikuwa ameketi pembeni, mgongo ukiegemea katoni za karatasi.

"Hakurudi namna gani?" Moreen alimgeukia. "Alifika Langoni, akasikia sauti ya kaka yake, akarudi akamshika mkono. Kibanda kizima kililia!"

"Aliondoka," Tresor alisema. "Kaka yake alimwita mpaka sauti ikakauka. Hakugeuka nyuma hata mara moja."

"Wee Tresor, ulikuwa umelala?"

"Mwacheni," mama wa mtoto alisema kwa sauti ya chini. "Ni uchungu huo. Kwake yeye kila mtu ameondoka."

Wakamwacha. Mazungumzo yakahamia kwenye gharama za jeneza. Lakini Obwona alishikilia kikombe chake mpaka chai ikapoa. Mtu mwenye uchungu huweza kusahau mengi, alifikiri. Huweza kusahau hata njia ya kwake. Ila yule kijana hakuzungumza kama mtu aliyesahau. Alizungumza kama mtu aliyeona.

*

Abubaker alikuwa akifagia kibanda chake cha video, kati ya mabenchi matupu. Alikuwa vijei mashuhuri, yaani mfasiri anayekaa kando ya kioo na kipaza sauti, akiieleza filamu ya kigeni kwa lugha ya watu. Wikendi alifasiri kwa Kiswahili kwa ajili ya Wakenya na Wakongo, na kila mhusika alimpa sauti yake.

"Nieleze mwisho wa *Shule ya Vivuli*," Obwona alisema.

"Ssebo, bwana mkubwa, nawe umeambukizwa?" Abubaker alitabasamu. "Lina anarudi kwa kaka yake."

"Uliuona kwa macho yako?"

Ufagio ulisimama.

"Kuna mtu amenishtaki?"

"Kuna mtu amekufa. Sema kweli."

Abubaker aliketi kwenye benchi. "Umeme ulikatika, ssebo. Lina alikuwa ndiyo kwanza anakaribia Lango. Mtaa mzima giza, mvua inapiga, jenereta imekataa. Kibanda kimejaa watu, wanaanza kupiga mluzi. Na mimi mwenyewe nilikuwa sijauona mwisho, diski ililetwa tukiwa tunaanza. Basi nikaendelea kusimulia gizani kwa mdomo wangu. Nikawakumbuka wale akina mama waliopoteza watoto wao vitani, nikafikiri, nitawaambia nini? Nikamrudisha Lina nyumbani."

"Kwa hiyo hakuna aliyekuwa humu aliyeuona mwisho wenyewe."

"Hata mmoja."

"Tresor Katembo alikuwamo?"

"Nilimwona mlangoni watu wakitoka. Ndani, katika giza lile... siwezi kuapa."

"Weka diski."

Umeme ulikuwapo siku hiyo. Obwona alitazama peke yake, akiwa amesimama. Msichana mwenye macho ya kijivu alitembea kuelekea kwenye mwanga, nyuma yake sauti ya mvulana ikimwita, ikimwita, ikikwaruza. Hakugeuka. Kioo kikawa cheusi.

"Banange, jamani," Abubaker alinong'ona kutoka nyuma. "Wangenipiga."

*

Tresor aliletwa kituoni alasiri hiyo hiyo. Alama zake zilikuwa zimepatikana kwenye deki, lakini nyumbani kwake mwenyewe alama hizo hazikuwa ushahidi mkubwa. Obwona hakuzitaja.

"Ulikaa wapi kibandani?"

"Nyuma. Karibu na mlango."

"Ukaona Lina akiondoka."

"Niliona."

"Hakuna aliyeona, Tresor. Umeme ulikatika kabla. Abubaker aliubuni mwisho gizani."

Kijana alinyanyua uso polepole.

"Aliwaambia nini?"

"Kwamba alirudi. Kwamba alimshika kaka yake mkono."

"Na wote waliamini?"

"Wote."

"Basi wana bahati," Tresor alisema.

"Diski ya kwanza iliyotoka katika katoni ilikuwa chumbani mwenu. Wamalwa aliinunua asubuhi. Nani aliitazama na Séraphine?"

Tresor aligeuza uso ukutani.

"Tresor. Kuna mtu mahabusu asiye na kosa."

Kijana alitazama viganja vyake, vipana, vilivyosuguliwa na kamba za marobota. Alipoanza kusema, alisema bila kusimama, kama anayetua mzigo mahali anapojua hataweza kuuinua tena.

"Nilimbeba kutoka Beni mpaka mpakani. Yeye mtoto mdogo, mimi mvulana. Mama alikuwa amekwisha kufa, baba pia. Kila nilipotaka kumweka chini, alilia, 'Yaya, usiniache.' Basi sikumweka chini. Hapa Kampala nimebeba nguo za watu ili yeye ajifunze kazi ya mikono isiyovunja mgongo. Sikuoa. Sikutaka aje mwanamke wa kumwonea.

"Jana mvua ilipotisha nilirudi nyumbani nikae naye. Alikuwa anasuka nywele. Tukatazama pamoja kitandani, kama zamani. Lina alipoondoka, mimi nililia, yeye akatabasamu. Nikamwambia, huyu Lina hana moyo. Kaka yake ameuza usingizi wake! Akasema, 'Yaya, hakumwomba auuze. Amechoka kuitwa kila saa. Mwache aende.' Akaacha kusuka, akaliweka chanuo kitandani. Hapo nikajua hatuzungumzi tena juu ya Lina. Akasema, 'Jumatatu naondoka na Wamalwa.'"

"Ukamshika."

"Mikono, hapa. Nilitaka anitazame tu. Nikamuuliza, na mimi nitamwita nani? Akajivuta. Mikono yangu ikateleza, sakafu ina maji, akaenda kinyumenyume." Alifumba macho. "Nilimwita, afande. Niliita sana. Kisha nikakimbia. Nikafika kibandani watu wanatoka, wanalia na kucheka, nikajichanganya nao. Kama ningemwita jirani, angepona?"

Obwona aliinamia karatasi zake. Yeye mwenyewe alivushwa Mto Aswa akiwa mgongoni mwa dada yake, wakati wa vita vya kaskazini, na siku dada huyo alipoolewa alikataa kula arusini kwake.

"Kwa nini ulimtaja Wamalwa?" aliuliza.

"Kwa sababu ndiye angekwenda naye. Nilitaka naye abaki bila kitu."

Obwona alifungua mlango, akaagiza Wamalwa aachiwe huru na apitishwe mlango wa nyuma, mbali na watu wenye mawe. Kisha akarudi, akaandika maelezo ya ungamo kwa mkono wake, akayasoma kwa sauti. Tresor alitia sahihi bila kuyatazama.

Ilibaki karatasi ya chumba cha maiti. Sheria ilitaka ijazwe siku hiyo hiyo, na Obwona akashika tena kalamu.

"Ndugu wa karibu wa marehemu," alisoma taratibu, "atakayeuchukua mwili na kuuzika, ni nani?"

"Ni mimi, afande," alisema Tresor. "Hana mwingine."