Zimwi la Mama Kageha

Haya yalimpata Kituyi, rafiki yetu karani wa Eldoret, enzi za masetla wa Kizungu. Alitunga kitabu cha mazimwi, akakichapisha kwa mshahara wake mwenyewe. Zimwi lake kuu liliburuta mguu na kuwanasa watoto kwa swali tamu: "Mwanangu, umekula?"

Watu walicheka mpaka machozi. Kituyi peke yake alijua kwamba mguu ule na swali lile ni vya Mama Kageha, jirani aliyemlea akiwa yatima. Watoto wa mtaa walipoanza kumzomea mama huyo kwa jina la zimwi, Kituyi alijifanya hasikii. Mama alipokufa, hata mazishini aliona haya kwenda.

Siku moja mwenye duka kutoka Turbo alimpitia. "Karani, niletee vitabu vingine. Hilo zimwi linauzika!"

Kituyi akaingia stoo yake isiyo na dirisha. Upepo ukabamiza mlango. Gizani akasikia mguu ukiburutwa sakafuni, kraa, kraa, ukaja ukasimama kando yake.

"Nisamehe, Mama," akanong'ona.

Akawasha kiberiti. Juu ya vitabu palikuwa na sahani ya ugali unaofuka moshi, na tonge la kwanza limeshamegwa, limebonyezwa kwa kidole gumba, kama anavyotengenezewa mtoto.